Nipe Mji

Jumamosi, Whitehaven, mvua inapiga ubavuni.
Nimeingia duka la mitumba la kanisa kukausha miwani tu.
Kwenye kikapu cha vijiko visivyo na wenzao
kimelala kiko.

Si kiko cha kawaida. Mzizi wa mti umechongwa mkono:
hapa kifundo na kifungo cha shati,
hapa vidole vitano vimekumbatia toza,
na pale digali linapopinda kuifuata midomo,
kiwiko. Bibi yangu alikiita kiko.
Kiko kwenye kiko.
Nikacheka peke yangu kati ya makoti ya marehemu.
Beryl wa kaunta akauliza kuna nini.
Ningeanzia wapi? Nikampa pauni tatu na nusu.

Kitendawili.
Tega.
Mkono hauna bega, umeshika shimo.
Nimekesha nao jikoni, nimeshindwa.
Nipe mji.
Nakupa Whitehaven, na meli zake za zamani za tumbaku.
Umekwenda, umekula, umelala, jibu hutoi.

Jumanne nikampelekea Bwana Postlethwaite,
jina la kutafuna kama muhogo wa jana,
sonara mstaafu, lenzi moja jichoni.
Nikamwonyesha nanga iliyopigwa kwenye pete ya fedha.
Baharia, nikasema, huyu alikuwa baharia.
Akatabasamu kwa upole unaouma:
nanga ni muhuri wa Birmingham,
mji usio na bahari hata ya kunawia uso.
Simba anayetembea, fedha safi.
Herufi ya mwaka imelika. Elfu moja mia nane themanini na kitu,
"na hicho kitu," alisema, "usikilipie pesa."
Kisha akaingiza kidole ndani ya toza,
akakitoa, akakitazama, akakinusa.
Kidole kisafi.
"Hakijawahi kuwashwa."

Nipe hapa, nikamwambia.
Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Miaka kumi na tisa
nasoma vinywa vya watu kwenye plasta
wenyewe wakiwa nyumbani wanakunywa uji.
Nikageuza ncha ya digali, ile ya pembe, chini ya taa.
Hapa chonge la kushoto, limezama nusu ya unene wa punje ya mchele.
Hapa pengo: jino la chini, lilitoka mapema.
Hapa ukingo umelainika, umelambwa, umeng'atwa,
si kwa mwezi, si kwa mwaka.
Mtu huyu alikiuma kiko hiki nusu ya umri wake
na hakukitia moto.

Tukanyamaza. Kettle ikachemka, ikajizima yenyewe.
Postlethwaite akataja migodi,
ile iliyokwenda maili nzima chini ya bahari,
ambako cheche moja ni majeneza ya mtaa mzima.
Labda, alisema. Au daktari alimkataza. Au mke.
Kwenye kadi akaandika kwa penseli: mkono, mzizi, Birmingham,
mwenyewe hajulikani.
Akaweka alama ya kuuliza, akaifuta, akairudisha.

Usiku nimekiosha kwa maji ya chumvi.
Wateja wangu nawakataza mambo kama haya;
nakitia kinywani.
Kina ladha ya pembe na ya sabuni ya Beryl.
Meno yangu hayaingii mahali pake,
chonge langu linaangukia pengo lake,
nasogeza taya kulia, kushoto, kama mtu anayejaribu funguo
za nyumba ya watu, gizani, akihofia mbwa.
Kisha kinakaa.

Nipe mji, kinasema.
Nimemaliza miji.
Chukua kinywa hiki, basi. Kina mwanya mmoja, juu, upande wa kulia.
Pitia hapo.